Mtetemo wa ultrasoniki katika kuunga alumini na magnesi: uchambuzi wa kisa kimoja

Ultrasoniki ni mtetemo wa masafa ya juu kuliko sikio linavyoweza kusikia. Majina, tarehe na umbo kamili la kifaa vimeondolewa. Vipimo vya mashine, joto na nguvu ya mshono ni vya kisa chenyewe. Mashine nyingine itatoa namba zake.

## Usuli

Karakana inayohusika hutengeneza fremu nyepesi za vifaa vya kupimia. Mteja alitaka fremu ambayo nusu yake ni alumini ya aloi 6061-T6 na nusu ni magnesi ya aloi AZ31B, bamba la mm 3 pande zote mbili, ziungwe ukingo kwa ukingo kwenye mstari wa mm 300. Alumini ilihitajika upande wa skurubu, magnesi upande wa pili ili kupunguza uzito. Masharti yalikuwa mawili: vipande vya jaribio vikivutwa kukingama mshono visikatike chini ya megapaskali 150, na picha ya eksirei isionyeshe tundu lolote ndani.

Ugumu wa jozi hii unafahamika. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na magnesi kwenye 650, lakini zikichanganyika hutokea yutektiki mbili, yaani michanganyiko inayoyeyuka kwa joto la chini kuliko kila metali peke yake: moja kwenye nyuzi 437 upande wenye magnesi nyingi, nyingine kwenye 450 upande wenye alumini nyingi. Zaidi ya hapo, metali hizi mbili huunda misombo ya kimetali, Al3Mg2 na Mg17Al12, ambayo ni migumu na inavunjika kama kigae. Ukizichomelea kwa TIG au MIG, njia za kawaida za kuyeyusha kwa tao la umeme, misombo hiyo hujaa kwenye mshono na ufa hutokea hata kabla bamba halijapoa.

Ndiyo maana karakana ilichagua uchomeleaji wa kukoroga kwa msuguano, njia iliyobuniwa mwaka 1991 katika taasisi ya utafiti wa uchomeleaji ya TWI nchini Uingereza. Zana inayozunguka, yenye bega na pini, hupasha metali kwa msuguano na kuikoroga ikiwa laini bila kuiyeyusha. Kwa alumini peke yake njia hii haina usumbufu mkubwa. Kwa alumini na magnesi, “bila kuyeyusha” ni ahadi inayovunjika mara moja joto likipita nyuzi 437.

## Vifaa na maandalizi

Mashine ilikuwa ya milingi (ya kukata metali kwa kisu kinachozunguka) ya wima, iliyogeuzwa kwa kazi hii. Hudhibiti kina cha zana, si nguvu ya kusukuma chini. Jambo hili litarudi baadaye. Zana ilitengenezwa kwa chuma cha H13 kilichotiwa ugumu: bega lenye kipenyo cha mm 14, la kubonyea kidogo, na pini ya koni inayoanzia mm 5 hadi mm 3.5, urefu mm 2.7. Hesi za pini ni za mkono wa kushoto kwa sababu mhimili huzunguka kwa mwendo wa saa, na hesi za namna hiyo huisukuma metali chini kuelekea mzizi wa mshono. Zana iliinamishwa nyuzi 2.5 kuelekea nyuma.

Mabamba yalikaa juu ya kitako cha chuma chenye upana wa mm 30 tu chini ya mstari wa kuunga. Mabawa ya pande zote mbili yalikuwa hewani hadi kwenye vibano. Kingo zilisawazishwa kwa milingi hadi mwanya usizidi mm 0.1, zikasuguliwa kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu (kila metali na brashi yake), zikafutwa kwa asetoni, na kuchomelewa siku hiyo hiyo. Waya mmoja wa themokapo (kipima joto cha waya) ya aina K ulizamishwa kwenye magnesi, mm 8 kutoka mstari, nje kidogo ya ukingo wa bega. Seli ya kupimia mzigo ilikuwa chini ya kitako.

Chenga za magnesi zilifagiliwa baada ya kila mshono na kuwekwa kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, mbali na meza. Karibu na mashine kulikuwa na mchanga mkavu na kizimamoto cha daraja D, cha moto wa metali. Maji na kizimamoto cha kaboni dioksidi haviruhusiwi kwenye moto wa magnesi. Vyote viwili huuchochea.

## Nafasi finyu kati ya moto na baridi

Kuanzia, timu ilitumia mizunguko 1000 kwa dakika na mwendo wa mm 60 kwa dakika, pini ikiwa katikati ya mstari, alumini ikiwa upande unaosonga, yaani upande ambao mzunguko wa zana unafuata mwelekeo wa safari. Themokapo ilisoma nyuzi 395 nje ya bega, kwa hiyo ndani ya kiini, yaani eneo lililokorogwa, joto lilikuwa kubwa zaidi. Mshono ulionekana mzuri kwa juu. Vibano vilipolegezwa, ulipasuka kwa mlio.

Chini ya hadubini palionekana muundo wa yutektiki kwenye kiini, ushahidi kwamba palikuwa na kimiminika, na utando wa misombo uliozidi mikroni 10 mahali pengine. Hatua iliyofuata ilikuwa ya kupunguza joto. Mizunguko ilishushwa hadi 700 na mwendo ukawa mm 50 kwa dakika. Magnesi ilihamishiwa upande unaosonga, na mhimili wa zana ukasogezwa mm 0.5 kuingia kwenye magnesi ili alumini kidogo tu ikorogwe. Utando ulishuka hadi mikroni 3 au 4 na nguvu ya mvutano ikafika wastani wa megapaskali 118. Lakini eksirei ilionyesha kasoro mpya: vipande vya handaki, yaani tundu jembamba refu, karibu na mzizi upande unaosonga.

Hapo tatizo likajulikana vizuri. Ukipasha zaidi, handaki linafunga na misombo inanenepa. Ukipoza, misombo inapungua lakini metali inakuwa ngumu mno kuzunguka pini na kurudi kujaza nafasi iliyoachwa. Kati ya pande hizo mbili hapakuwa na mpangilio hata mmoja uliofikia 150.

## Njia zilizopimwa, na kwa nini ikachaguliwa ultrasoniki

Karatasi nyembamba ya zinki katikati ya mstari ilifikiriwa, kwa kuwa zinki huzuia alumini na magnesi zisikutane moja kwa moja. Ilikataliwa kwa sababu inaongeza yutektiki nyingine za joto la chini, na kuipanga sawasawa kwenye mm 300 ni kazi ya mkono. Kuchomelea ndani ya maji kungepoza utando, lakini handaki lingezidi, na hakuna aliyetaka maji karibu na chenga za magnesi.

Ultrasoniki ililenga shida yenyewe: kuilainisha metali bila kuongeza joto. Mwaka 1955 Blaha na Langenecker walionyesha kwamba fuwele ya zinki inayovutwa hulegea pale mtetemo wa ultrasoniki unapowashwa, na hurudia ukaidi wake ukizimwa. Ikiwa ulegevu huo unaweza kupatikana mbele ya pini, metali baridi itatiririka kana kwamba ni ya moto.

Mtetemo unaweza kupitishwa ndani ya zana au ndani ya bamba. Kupitia zana kunahitaji pete za kupeleka umeme kwenye mhimili unaozunguka na beringi zisizomeza mtetemo. Kwa mashine ya milingi iliyogeuzwa hiyo ni karibu kujenga mashine upya. Ikachaguliwa sonotrodi, yaani fimbo inayopeleka mtetemo, inayogusa bamba mbele ya zana na kusafiri nayo. Seti ilikuwa ya kilohezi 20: jenereta, transdyusa ya piezo inayogeuza umeme kuwa mtetemo, busta inayoukuza, na sonotrodi ya aloi ya titani yenye ncha ya kipenyo cha mm 8, iliyoinamishwa nyuzi 45 na kukandamizwa kwa springi kwa nguvu ya nyutoni 250 hivi. Mtikisiko wa ncha, kilele hadi kilele, ulikuwa mikroni 40 bila mzigo.

## Duru ya kwanza: wati nyingi, faida hakuna

Sonotrodi iliwekwa upande wa alumini, mm 25 kutoka mstari, kwa sababu hapo palikuwa na nafasi. Mpangilio wa zana haukuguswa: mizunguko 700, mm 50 kwa dakika. Jenereta ilionyesha inatumia wati 220, na waendeshaji wakaridhika kwamba mtetemo unaingia.

Nguvu ya mvutano ilikuwa megapaskali 121. Tofauti ya 3 haikuzidi mtawanyiko wa kawaida wa vipande vya jaribio. Handaki lilibaki palepale. Kilichobadilika ni vibano: boliti mbili zililegea katikati ya mshono, na chini ya taya zake alumini ilikuwa na madoa meusi ya kusuguliwa, bado ya moto kwa kugusa.

Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza mtikisiko hadi mikroni 60. Likajaribiwa kwenye mshono mmoja. Ncha ilichubua uso wa alumini, kingo za mabamba zikaachana kabla zana haijafika, na jenereta ikajizima kwa kuzidiwa. Uamuzi sahihi ulikuja baada ya hapo: kuacha kuchomelea kabisa mpaka ijulikane mtetemo unakwenda wapi.

## Mchanga juu ya bamba

Mabamba yalibanwa kama kawaida, zana ikainuliwa, na mchanga laini mkavu ukanyunyizwa pande zote mbili. Sonotrodi iliwashwa kwa mtikisiko mdogo. Upande wa alumini mchanga ulijipanga papo hapo katika mistari myembamba yenye nafasi ya karibu mm 19. Upande wa magnesi haukusogea hata chembe.

Mistari hiyo ndiyo mafundo ya wimbi simama, mahali bamba linapotulia. Nafasi yake inalingana na hesabu. Bamba jembamba hutetemeka kwa kupinda, na urefu wa wimbi la kupinda ni takribani kipeuo cha pili cha (1.8 × kasi ya sauti kwenye bamba × unene ÷ masafa). Kwa kasi ya mita 5400 kwa sekunde, unene wa mm 3 na kilohezi 20, jibu ni mm 38, na fundo hadi fundo ni nusu yake. Magnesi ina kasi inayokaribia sana hiyo, kwa hiyo hesabu moja inatumika kote.

Ukilinganisha mistari na vibano, jibu lilikuwa wazi. Taya zilikaa katikati ya mafundo, mahali bamba linapotikisika zaidi. Zilikuwa zinasuguliwa mara 20,000 kwa sekunde na kumeza sehemu kubwa ya zile wati 220.

Utulivu wa magnesi una sababu nyingine, na hapa wengi hukosea. Huelekea kudhaniwa kwamba mtetemo hauvuki kwa sababu metali ni mbili tofauti. Sivyo. Kwa ukinzani wa sauti (jinsi metali inavyopinga kupitisha mtetemo) wa alumini na magnesi, mpaka ulioshikana vizuri ungerudisha asilimia 4 au 5 tu ya nishati. Lakini mbele ya zana mpaka haujashikana. Kuna mwanya, na mwanya wa hewa, hata uwe mwembamba kama unywele, hurudisha karibu wimbi lote.

## Duru ya pili

Marekebisho yalifanywa mawili tu kwanza. Ncha ya sonotrodi ililetwa juu ya mstari wenyewe ili iguse metali zote mbili kwa wakati mmoja, mm 20 mbele ya kitovu cha zana. Kwa bega la mm 14 na ncha ya mm 8, umbali huo unaacha mm 9 kati yao. Karibu zaidi, metali iliyofurika kutoka kwenye bega huikwaa ncha. Vibano vilihamishiwa kwenye mistari ya mchanga, boliti zikapewa washa za kufunga na kukazwa kwa spana ya kipimo.

Jaribio la mchanga liliporudiwa, pande zote mbili zilionyesha mistari. Jenereta sasa ilitumia wati 160. Zimepungua, na hilo ndilo lililotakiwa.

Mshono wa kwanza kwa mpangilio ule ule wa 700 na 50 haukuwa na handaki, ila uso ulikuwa umezama na metali imefurika pembeni kama ngozi iliyochunwa. Seli ya mzigo ilieleza kwa nini: nguvu ya kusukuma chini ilishuka kutoka kilonyutoni 6.2 hadi 5.3. Mashine inayodhibiti kina hunyooka mzigo ukipungua, kwa kuwa fremu yake ilikuwa imejipinda kidogo chini ya nguvu hiyo, na bega huzama zaidi bila mtu kugusa kitu. Kina cha bega kilipunguzwa kutoka mm 0.20 hadi mm 0.12 na uso ukarudi kuwa safi. Anayeongeza ultrasoniki kwenye mashine ya aina hii aanze kuangalia hapa, kabla ya kulaumu mtetemo kwa kuharibu uso.

Nguvu ilifika 137. Nzuri, lakini bado chini ya sharti. Uamuzi uliofuata ndio uliobadilisha matokeo: kwa kuwa handaki limeondoka, joto lipunguzwe zaidi. Mizunguko ikashushwa hadi 600 na mwendo ukapandishwa hadi mm 60 kwa dakika. Ili kutenganisha mchango wa mtetemo na ule wa joto, mpangilio huo ulichomelewa pia sonotrodi ikiwa imezimwa.

## Matokeo

Wastani wa vipande vitano kwa kila hali, katika megapaskali:

| Mpangilio | Bila mtetemo | Kwa mtetemo |
|---|---|---|
| Mizunguko 700, mm 50 kwa dakika | 118 | 137 |
| Mizunguko 600, mm 60 kwa dakika | 84 | 161 |

Ile 84 ni mshono wenye handaki kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye 161, utando wa misombo ulikuwa na unene wa karibu mikroni 1.5, umekatikakatika badala ya kuwa ukuta mmoja, na mpaka wa metali mbili ulikuwa wa mawimbi yanayong’ang’aniana. Mivunjiko ya awali ilikuwa bapa, ikifuata utando wote. Ya mwisho iliacha utando kwa sehemu na kupita ndani ya magnesi iliyokorogwa. Sampuli zilisuguliwa kwa ethanoli hatua za mwisho, kwa kuwa maji huichafua magnesi na kuzaa madoa yanayofanana na misombo.

Eksirei ya mishono iliyokubaliwa haikuonyesha tundu, isipokuwa kwenye mm 40 za mwisho.

## Uchambuzi: kilichofaa

Ukisoma jedwali kwa mlalo wa juu pekee, mtetemo umeleta 19. Ukisoma mlalo wa chini, umeleta 77. Kwa hiyo ultrasoniki haikuutia mshono nguvu moja kwa moja. Iliruhusu kuchomelea kwa joto ambalo bila yake lisingewezekana, na joto hilo dogo ndilo lililopunguza misombo. Karakana inayowasha mtetemo na kuacha mpangilio wake wa zamani inapata sehemu ndogo tu ya faida aliyonunua.

Je, si joto la ziada tu? Themokapo ilipanda nyuzi 6 mtetemo ulipowashwa kwa mpangilio ule ule. Mhimili kwa mizunguko 600 ulikuwa unatia zaidi ya kilowati moja kwenye mshono. Wati 160, hata zote zikigeuka joto mahali panapofaa, ni nyongeza ndogo. Isitoshe, joto lingenenepesha utando, na utando ulipungua. Ncha inayotikisika mikroni 40 kwa kilohezi 20 ina kasi ya juu ya mita 2.5 kwa sekunde, na kasi hiyo ikiingia yote kwenye alumini huzaa mkazo wa megapaskali 34 hivi. Hata ikifika theluthi, si kitu cha kupuuza mbele ya metali ya moto ambayo yenyewe husalimu amri kwa makumi machache ya megapaskali.

Maelezo ya viputo vinavyopasuka na kusaga misombo, yanayorudiwarudiwa kila ultrasoniki inapotajwa, yana mahali pake kwenye metali iliyoyeyuka. Hapa lengo lilikuwa kuzuia kimiminika kisiwepo.

Mtihani wa mchanga ulistahili nafasi ya kwanza kwenye ratiba badala ya ya tatu. Unachukua dakika chache, hauli bamba, na hujibu swali ambalo kipimo cha wati hakiwezi: wati huonyesha kiasi kinachotoka kwenye jenereta, si mahali kinapoishia.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Mm 40 za mwisho zilikuwa dhaifu kwenye kila mshono. Sonotrodi hutangulia mm 20, kwa hiyo hufika mwisho wa bamba na kulazimika kuinuliwa zana ikiwa bado kazini; na kabla ya hapo, ukingo huru hubadilisha mpangilio wa mafundo. Suluhisho lilikuwa vipande vya nyongeza vya mm 50 vya metali zile zile kwenye ncha zote mbili, vinavyokatwa baadaye. Vinaongeza gharama ya bamba, na kwa mishono mifupi vinaweza kuwa vikubwa kuliko kazi yenyewe.

Ncha ya titani hubeba alumini. Ikishajijenga, mguso unakuwa wa nukta badala ya uso, na metali moja inapata mtetemo kuliko nyingine. Dalili yake ya mapema ni wati kushuka chini ya 130 huku jenereta ikihangaika kutafuta masafa. Ncha ilisafishwa kwa jiwe laini baada ya kila mishono sita, ikiondolewa kiasi kidogo iwezekanavyo, kwa sababu kufupisha sonotrodi hupandisha masafa yake. Joto nalo huyashusha, hivyo transdyusa ilipulizwa hewa muda wote. Mtetemo wenyewe hausikiki vizuri, lakini bamba linaloguguma hupiga kelele kali. Vizuia masikio vilikuwa lazima.

Mtetemo haukusaidia chochote kuhusu kutu. Magnesi ikigusana na alumini mahali penye unyevu, magnesi ndiyo inayoliwa, na mshono mzuri hauipunguzii kasi. Fremu ilipakwa rangi ya epoksi juu ya mshono na mm 20 kila upande, na mteja akaipokea kwa matumizi ya ndani, pakavu. Majaribio ya uchovu wa metali hayakufanywa, kwa hiyo idhini hiyo haihusu fremu zitakazofungwa kwenye mashine zinazotikisika.